Sponji Haioshwi

Kazi yangu maishani ilikuwa kutengeneza pahali pa watu kukaa, na kuna mwaka mmoja ambao mimi mwenyewe sikukaa. Nikisema kukaa nasema kukaa chini, kwenye kiti. Nilikula nimesimama dirishani na sahani mkononi. Kanisani nilisimama nyuma na wale vijana wa kuonyesha watu viti, mpaka mchungaji akanishukuru mbele ya watu kwa kujitolea. Sikuwa nimejitolea. Miguu ilikuwa imekataa kutulia.

Shule niliiacha mapema, bado naandika jina langu huku nimetoa ulimi. Kwa hivyo nikiandika naandika ninavyoongea, na nikiongea napotea njia. Nitarudi tu, msiwe na wasiwasi.

Banda letu lilikuwa kando ya barabara ya Ngong, ukishapita maduka ya Adams ukielekea njiapanda ya Kona. Tulikuwa wawili. Mwenzangu ni mtu wa Ukambani, mdogo kwangu kwa umri, mwenye mdomo usiolala. Yeye alikuwa wa mbao na mimi wa kuvisha. Akimaliza kuunga fremu ananiachia, natia springi, natia gunia, natia sponji, halafu kitambaa. Wateja huangalia kitambaa. Wanakishika, wanauliza kama rangi itatoka. Hakuna anayeuliza sponji, na kumbe yeye anaenda kukalia sponji. Mtu mmoja akikalia kiti kimoja miaka mingi, sponji inashika umbo lake. Ukivua kitambaa unamwona pale kama ametoka sasa hivi kwenda kuangalia sufuria. Inashika pia harufu, na harufu haitoki.

Mke wangu alikuwa na kiti chake. Nilimtengenezea miaka ile tulipojenga Waithaka, katika kipande cha shamba alichoniachia baba. Kilikuwa dirishani, pahali anaona lango na anaona ng'ombe. Hapo ndipo alifumia vitambaa vya viti, vile vyeupe vya kufunika makochi, mpaka nyumba yetu ikawa haina kitu kisichovaa nguo. Redio ilikuwa na kitambaa. Thamosi pia. Nilimwambia siku moja nikikaa kimya sana nami atanifunika. Akasema, "Wewe hujawahi kukaa kimya, kwa hivyo hatutajua."

Halafu akaugua tumbo. Miezi ya mwisho hakuweza kulala kitandani, akilala chali anaumia, kwa hivyo alilala akiwa amekaa kwenye kile kiti, mto nyuma ya shingo. Binti yetu alihamia nyumbani kumwangalia. Ni mmoja tu tuliyejaliwa. Alichukua jina la mama yangu, kama desturi yetu ilivyo kwa binti wa kwanza, ndiyo maana tangu akiwa mtoto mchanga mimi namwita Mama. Watu wasiojua hushangaa wakiona mzee mwenye mvi anamwita msichana hivyo.

Mke wangu alikufa wakati wa kiangazi, na tukamzika nyuma ya nyumba. Mimi sikulia. Kwetu mwanamume akilia watu huangalia viatu vyao. Nilishughulika na hema. Nilishughulika na viti, na mtungi wa maji, na nani amekula na nani hajala. Watu walisema mzee amejikaza. Nami nikajiambia kweli nimejikaza.

Siku iliyofuata niliondoka asubuhi na pikapu kurudisha viti vya kanisa. Sasa kuna jambo wamama wa kanisa hufanya pale kwetu. Mazishi yakiisha wanarudi kesho yake, wanaosha nyumba nzima. Blanketi, mapazia, sufuria zinasuguliwa kwa majivu, kapeti linapigwa fimbo, ili wafiwa waanze na nyumba safi. Ni upendo mkubwa na sijawahi kusema vingine. Niliporudi nikakuta ua wetu wa miiba, ule wa kaiyaba, umevaa nguo zetu zote. Na juu kabisa, ikitiririka maji kama imetolewa mtoni, ilikuwa sponji ya kiti cha dirishani.

Nikauliza, "Nani ameosha sponji?"

Wamama wakaacha kusugua, mikono kwenye beseni.

"Sponji haioshwi," nikasema. "Inaanikwa. Inapigwa na mkono vumbi litoke. Haitiwi maji. Ikinywa maji imekwisha, inaoza ndani. Mmemaliza kiti."

Mama mmoja mzee akasema polepole, "Baba, pole. Tutakununulia ingine."

"Ingine ya nini? Mimi ndiye fundi. Sponji ninazo banda zima."

Sauti yangu ilikuwa imepanda hata mimi sikuitambua. Ng'ombe aligeuka kuniangalia. Ndipo binti yangu akatoka jikoni na mikono yake imelowa povu.

"Ni mimi nimeosha, Baba."

"Wewe mtoto wa fundi hujui sponji haioshwi? Umekulia kwa nani?"

Nilisema na mengine, mbele ya wale wamama, ambayo siwezi kuyakumbuka yote na yale ninayoyakumbuka sitayaandika. Yeye alingoja nimalize. Akapangusa mikono kwenye nguo yake.

"Jana umemzika mama hukusema neno," akasema. "Leo unalilia sponji."

Akaingia ndani, akachukua mkoba wake, akaondoka pamoja na wale wamama. Hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata.

Alikuwa amepanga nyumba Adams, nyuma ya maduka, chumba na jikoni, na kazi yake ilikuwa mjini katika ofisi ya mambo ya bima. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia kila mfuko, na sisi watu wa kubana tulikuwa tukiflash. Unapiga, inalia mara moja, unakata, mwenzako anaona jina lako na anakupigia akiwa na uwezo. Nilimflash Jumatatu. Nilimflash Jumatano. Nilikaa, hapana, sikukaa, nilisimama nikiangalia ile simu kama kuku anayetaga. Mwishowe alipiga.

"Baba, umekula?"

"Nimekula. Utakuja Jumapili?"

Akasema, "Nitakuja siku utakayoniambia ulikuwa umekasirikia nini."

"Si nilisema? Sponji."

"Haya, Baba," akasema, na simu ikakatika.

Hapo ndipo miguu ilipoanza. Nilikuwa nikiamka natembea mpaka Kona kwa miguu, nafungua banda, navua kochi la mtu, nikifika katikati naliacha na kuanza lingine. Mwenzangu aliyaangalia makochi yakiwa uchi banda zima.

"Mzee wangu, hapa tunauza mifupa siku hizi?"

"Fanya mbao zako."

"Mbao zangu zimeisha. Zinangoja nguo. Zinaona baridi."

Nilikasirikia kila kitu. Jogoo wa jirani. Bawabu wa benki moja mjini aliyeniambia nivue kofia. Mvua ilipochelewa niliikasirikia, na ilipokuja niliikasirikia kwa kuchelewa. Na nitasema hili kwa sababu ni kweli: nilimkasirikia marehemu. Tulikuwa na kopo kubwa la bati la kuwekea unga, kifuniko chake kilikuwa kimepinda, na ni yeye peke yake aliyejua kukifungua. Mimi nilivuta, nikatia bisibisi, nikalipiga na nyundo, nikaliambia maneno. Halikufunguka. Nikawa nanunua pakiti ndogo ndogo na kuziacha mezani, panya wakashukuru. Kila nikipita jikoni nikiliona nilisema kwa sauti, "Ungenionyesha. Miezi yote ile umekaa dirishani, ungenionyesha." Mtu mzima anagombana na kopo.

Na kile kiti nilikiacha hivyo hivyo. Sponji ilipokauka ilikuwa imejikunja kama ukoko wa ugali, nikaitupa kwenye kibanda cha ng'ombe. Kiti kikabaki springi tupu dirishani. Mtu akija namwambia nitakivisha wiki hii.

Ngoja niwaambie pia habari ya mjini, kwa sababu hiyo huchekesha watu. Binti yangu alipiga simu siku moja akasema kuna watu mjini wanakutana jioni, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, wote ni watu waliofiwa. "Tafadhali enda, Baba. Uketi nao tu."

Sasa mimi nikisikia watu waliofiwa wanakutana jioni, najua ni kitu gani. Ni kamati ya mazishi. Nimeketi kwenye kamati hizo maisha yangu yote. Sikuuliza ni nani amekufa, nikajua atakuwa mtu wa ofisini kwake, na kwamba binti yangu anataka nimwakilishe. Nikafurahi hata. Nikavaa koti, nikabeba bahasha ya mchango kama mtu yeyote mwenye adabu, nikapanda ngazi. Nikakuta watu wamekaa kwa mduara, hakuna chai, na msichana mmoja mwenye miwani amewaambia watu wasalimiane. Mimi nilibaki nimesimama kando ya mlango, na zamu yangu ilipofika nikakohoa, nikawapa pole kutoka Waithaka. Halafu nikauliza mweka hazina ni nani, mwili uko wapi, na tunazika lini.

Mwanamume mmoja aliinamisha kichwa. Mama mmoja mnene akaanza kutetemeka mabega na nikadhani nimemliza, kumbe ni kicheko, na kikamshinda, kikapita kwa wengine, mpaka yule wa miwani akavua miwani kupangusa macho.

"Mzee, karibu," akasema. "Hapa kila mtu ameshazika. Tunakuja kuongea. Wewe unajisikia vipi?"

"Niko sawa."

"Hata hasira kidogo hakuna?"

"Hasira sina. Nilikasirikia sponji tu, na hiyo nilikuwa na haki."

Waliniangalia, nikaona afadhali niwaeleze. Nikawaeleza sponji kwa urefu. Ile nzito na ile nyepesi, kwa nini maji ni adui, jinsi inavyooza katikati huku juu imekauka. Sijui niliongea kwa muda gani. Hakuna aliyenikatiza. Nilipofika mwisho yule msichana akauliza kitu kidogo sana.

"Na hiyo sponji ilikuwa ya nani?"

"Ya kiti," nikasema. Nikachukua kofia, nikashuka ngazi. Nilitembea kutoka katikati ya mji mpaka Adams bila kujua nimepita wapi, nikiuliza njia nzima mtu anawezaje kuuliza swali la kijinga hivyo. Nilipita karibu na mlango wa binti yangu. Taa ilikuwa inawaka. Sikubisha, kwa sababu ningemwambia nini? Bado nilikuwa na lile neno moja tu.

Kilichonifungua ni mbwa, na mbwa mwenyewe sikumwona.

Tuliitwa kazi mtaa wa Karen na mzee mmoja mstaafu, mtu mrefu wa heshima, mwenye nyumba iliyojificha nyuma ya miti. Alikuwa na kochi refu verandani, kitambaa kimechakaa hadi kinaonyesha ndani. Alitaka tulivishe hapo hapo, hakutaka libebwe. Akatuambia kabla hatujatoa nyundo, "Kitambaa tu. Sponji msiguse."

Nikavua upande mmoja. Sponji ilikuwa mbaya. Imekuwa ya kahawia, imeliwa kona, na katikati kuna shimo la duara kama kiota. Nikamwambia mwenzangu alete mpya kutoka kwenye mkokoteni, nitamwekea mzee wa watu kitu cha maana na ataona tofauti mwenyewe. Nikaishika ile ya zamani kuitoa.

"Nimesema usiguse."

Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Kikombe kilikuwa kinatetemeka kwenye kisahani, nikasikia kinagonga.

"Mzee, hii imeoza," nikasema. "Ukivisha juu ya hii ni kama..."

"Ni kochi la nani? Nimekuuliza, ni kochi la nani? Unakuja kwa mtu unampangia? Weka chini. Weka chini hiyo."

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mtu mkubwa, mwenye nyumba kama ile, anapigia fundi kelele juu ya kipande cha sponji kilichooza. Niliiweka chini. Nikaivisha vile ilivyo, kwa uangalifu, nikizunguka lile shimo. Tulipomaliza alitulipa, akatupa mkono wa kwaheri bila kutuangalia.

Langoni mtu wa bustani ndiye alitueleza. "Msimchukulie vibaya. Hapo ndipo mbwa wake alikuwa akilala. Alikufa majuzi, mzee mwenyewe akamchimbia shimo, akatukataza kumsaidia."

Mwenzangu alingoja tufike barabarani. "Mbwa," akasema. Tukatembea kidogo. "Mzee wangu, mbwa." Akasimamisha mkokoteni ili acheke vizuri. "Sisi kwetu mbwa akifa unamtafutia shimo, basi, unakunywa uji. Huyu anafiwa na kochi."

Nami nilicheka. Sitawadanganya, nilicheka mpaka nikashika mti. Tukaja hivyo, mmoja akinyamaza mwingine anasema "mbwa" na tunaanza upya. Halafu mahali fulani, kabla ya kufika Kona, mwenzangu alisema "mbwa" na mimi sikucheka. Nilijaribu. Kifua kilikuwa kinaenda kama cha mtu anayecheka lakini kilichotoka hakikuwa kicheko. Nilikuwa nasikia kile kikombe kikigonga kisahani. Nilikuwa nasikia sauti ya yule mzee, na ilikuwa sauti yangu, ile ya siku ya kaiyaba, kila neno mahali pake, ila ya kwangu ilikuwa na maelezo ya ufundi.

Mwenzangu akaangalia viatu vyake. Nimewaambia, ndiyo desturi. Halafu akasema, na mzaha umekwisha, "Enda unakotaka kwenda, mzee. Mkokoteni nitaufikisha."

Nilipita banda, nikashuka mpaka Adams. Ilikuwa Jumamosi, mchana, maduka yamejaa. Binti yangu alifungua mlango akiwa na kitambaa kichwani, alikuwa akifua. Aliniona na akaogopa.

"Baba, kuna nini? Nani ameumia?"

"Hakuna. Mama, ile sponji." Nilikuwa nimesimama kwenye mlango na sikujua mikono niiweke wapi. "Ile sponji ilikuwa na harufu yake. Na lile umbo lake. Nilirudi na pikapu nikijua nikifika nitakaa pale kidogo kabla watu hawajanizoea hivyo, bila yeye. Nikakuta inatoka maji."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka mikononi mwake mpaka kwenye sakafu.

"Najua ilikuwa na harufu," akasema. "Ndiyo maana niliiosha."

"Unajua?"

"Wewe ulisikia harufu ya mama. Mimi nilisikia ya dawa, Baba. Niliisikia kila usiku nilipokuwa nikimgeuza na kumpangusa wewe ukiwa umelala. Alikuwa anaona haya. Aliniambia mara nyingi, usimwambie baba yako nimechafua kiti, alikitengeneza na mikono yake. Alipokufa nilisema kitu cha kwanza, watu wakiondoka tu, nitakiosha kile kiti kiwe kama alivyotaka. Nikaosha. Ukaja ukaniuliza nimekulia kwa nani."

Machozi yalinitoka. Sitayapamba. Yalitoka zaidi kwa pua, na sikuwa na leso, akanipa sketi aliyokuwa anafua, bado mbichi.

"Ungesema," nikamwambia.

"Wewe ungesema."

"Mimi sikujua."

"Kwa mwaka mzima, Baba?"

"Nilidhani ni sponji. Kweli, Mama. Nilidhani ni mambo ya sponji."

Akanitazama kuona kama namtania. Aliponiamini nadhani ndipo aliponionea huruma, lakini huruma yenye meno. "Ingia ukae," akasema. Nikamwambia siwezi kukaa. "Basi simama. Ila kesho nakuja nyumbani, na mimi pia nina maneno yangu. Hayo ni yako tu umesema. Yangu bado."

Jioni hiyo nilikata sponji mpya, ile nzito, nikavisha kiti cha dirishani. Nikatafuta kimoja cha vile vitambaa vyeupe nikakiweka pale kichwa kinapoegemea. Asubuhi alikuja baada ya kanisa, akaangalia kiti, akakalia.

"Ngumu," akasema.

"Ni mpya."

"Kaa, Baba. Hapo mbele yangu."

Nikakaa kwenye kochi. Akaanza. Alinigombeza kwa habari ya wale wamama, jinsi nilivyomwaibisha. Akanigombeza kwa hospitali, kwamba yeye ndiye alikuwa akiulizwa na madaktari maswali ya kuulizwa mume, mimi nikiwa nje nakagua mabenchi ya watu yameungwa vipi. Hiyo ilikuwa kweli, yalikuwa yameungwa vibaya. Akasema juu ya maua ya kaburini, kwamba niliyapanda bila kumuuliza, na mama hakuyapenda yale. Mara mbili nilianza kuinuka kwenda kuangalia ng'ombe na mara mbili akasema, "Kaa." Hakupaza sauti. Alikuwa akilia na kukasirika kwa wakati mmoja na hakuficha lolote, na mimi nikamwangalia nikawaza kwamba huu ufundi hakuutoa kwangu. Chai ikapoa ikafanya ngozi juu.

Alipomaliza alipangusa uso na kile kitambaa cha kiti, akakirudisha mahali pake, akakinyoosha.

"Haya," akasema. "Una la kusema?"

Nilifikiria. Yalikuwa mengi, lakini lililokuja mdomoni ni moja. Nikamwambia kopo la unga limekataa kufunguka tangu mama yake afe.

Aliniangalia, akainuka, akaenda jikoni. Nikamsikia analigonga mara moja kwenye ukingo wa meza, upande, si kwa nguvu, na kifuniko kikaachia kwa sauti ile niliyoisikia miaka yote bila kuisikiliza. Halafu akauliza kutoka kule ndani kama nataka ugali au chapati. Nikamjibu chochote, na sikuinuka kumjibu.